Anayenunua usukani wa gemu aanzie miguuni

Miaka 22 nimekaa kiti cha kushoto nikifundisha watu udereva hapa Dar es Salaam, na mwanafunzi mpya namjua kabla hajawasha gari. Macho yake yote yako kwenye usukani. Anaushika, anaupapasa, anauliza lini tutaingia barabara kubwa. Miguu kaisahau. Kwa hiyo mpwa wangu alipofika kwangu Tabata na boksi la usukani wa gemu, nilijua kosa atakaloanza nalo.

Ulikuwa Logitech G29, mtumba safi, kaununua kwa kijana mwenzake aliyeutumia wiki mbili tu akarudi kwenye padi. Hizo wiki mbili ndizo zilizonifanya nishike kalamu. Mtaani kwetu nawajua vijana wanne walionunua usukani kwa akiba ya miezi, na watatu wamekwisha kuuuza. Wote wana neno moja: "Kwa padi nilikuwa naenda kasi zaidi."

Ni kweli, na anayeanza asishangae. Padi unaisukuma kwa kidole gumba, na gemu lenyewe linakusaidia kulainisha kona. Usukani huu unazunguka nyuzi 900, yaani mizunguko miwili na nusu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na ndani una mota mbili zinazovuta mikono yako kama gari linavyovuta. Ukiingia kona na mwendo uliozidi, tairi za mbele zikianza kuteleza, usukani unakuwa mwepesi ghafla mkononi. Dereva akiusikia wepesi huo anapunguza mafuta na kurudisha mikono kidogo mpaka tairi zishike tena. Mgeni anazidi kukata, na gari linanyoosha hadi ukutani. Wiki mbili hazitoshi mkono kuizoea lugha hiyo.

Usiku ule tuliufunga kwenye meza ya kulia chakula, mpwa wangu akakaa kwenye kiti cha ofisi. Kona ya kwanza alikanyaga breki, kiti kikarudi nyuma, mguu ukabaki hewani. Breki ya G29 ina kipande cha mpira ndani, imefanywa ngumu makusudi ili uikanyage kama ya gari, na mguu hauwezi kukanyaga hivyo kama kiti kinakimbia. Tulitafuta viatu vyangu vya zamani tukaingiza kila gurudumu la kiti ndani ya kiatu chake. Magurudumu matano, viatu vitano. Kiti kikatulia. Wiki iliyofuata fundi seremala wa Keko alitutengenezea fremu ya mbao inayoshika kiti na pedeli pamoja, kwa fedha ndogo kuliko bei ya gemu jipya.

Msimamo wangu ni huu: shilingi ya kwanza ya anayeanza iende kwenye kiti na pedeli. Ziko sukani za mota kubwa zenye nguvu ya Nm 5, Nm 8 na kuendelea, na ni vyombo vizuri sana, lakini mguu usiojua kuachia breki taratibu hauzihitaji bado. Zile za bei ya chini kabisa zinazorudi katikati kwa springi tu, usinunue. Hazikuelezi lolote kuhusu tairi. Afadhali usubiri upate mtumba wenye mota. Na uangalie jina kabla ya kulipa: G29 ni ya PlayStation na kompyuta, ndugu yake G920 ni ya Xbox na kompyuta. Ukichanganya, umenunua pambo. Ukishauchomeka kwenye umeme utazunguka wenyewe kushoto na kulia kutafuta katikati yake. Uachie umalize.

Mpwa wangu alitaka siku ya kwanza tu aingie Safari Rally ya Kenya, ambayo imo ndani ya EA Sports WRC ya mwaka 2023. Nilimkatalia. "Mjomba, hili ni gemu tu," akaniambia. Nikamwonyesha Gran Turismo 7, ambayo jaribio lake la kwanza la leseni ni kuondoka, kushika mwendo na kusimama ndani ya eneo lililochorwa. Hilo ndilo somo langu la siku ya kwanza kwenye uwanja wa vumbi! Magari ya kuanzia humo ni Toyota Aqua, Mazda Demio na Honda Fit, magari tunayopishana nayo barabarani kila siku. Akachukua Demio, nikampa njia moja, Tsukuba ya Japani, fupi ya kilomita mbili hivi. Amri yangu ilikuwa moja: breki ikanyagwe kwa nguvu wakati usukani umenyooka, kisha iachiwe polepole kadiri usukani unavyokatwa.

Wanaodhani haya ni mchezo wa watoto wamwangalie Jann Mardenborough wa Wales. Mwaka 2011 alishinda GT Academy, shindano la Nissan na PlayStation lililotafuta madereva miongoni mwa wachezaji wa Gran Turismo, na mwaka 2013 alikuwa anakimbia saa 24 za Le Mans ndani ya gari la kweli.

Wiki ya tatu mpwa wangu aliupita muda wake wa padi. Kilichonifurahisha zaidi nilikiona miguuni: kisigino kimetua chini, unyayo unaachia breki kama anayeshusha mtoto aliyelala.

Kijana uliyeutangaza usukani wako kwa kuuzwa wiki hii, ondoa tangazo. Zuia kiti chako kwanza, chagua gari moja dogo na njia moja fupi, na siku saba zijazo jifunze breki peke yake.