Ukiona Vyaelea, Vimeundwa: Hoja Juu ya Takwimu za Kubandika



Umezuka mtindo katika tafiti zetu za ufundishaji wa Kiswahili ambao haufai kuachwa upite bila ya kukemewa. Mtafiti huingia darasani, hukusanya alama za wanafunzi, hurudi na daftari lililojaa tarakimu, na hapo ndipo huanza kuuliza: "Je, nitumie kipimo gani cha takwimu?" Swali hilo ni la fundi aliyekwisha kuzipiga mbao misumari, kisha akauliza kama anatengeneza mtumbwi au kitanda. Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Kuunda ndiko usanifu wa utafiti. Kipimo cha takwimu huja nyuma yake, wala hakiwezi kukiokoa chombo kilichoundwa vibaya.

Jambo hili si la wataalamu wa hesabu peke yao. Mnamo Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilipendekeza Kiswahili kifundishwe kama somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za sekondari. Pendekezo kama hilo huzaa maswali: watoto wafundishwe kwa njia gani, vitabu vya namna gani viandikwe, walimu waandaliweje? Majibu yatatafutwa katika tafiti zetu. Zikiwa na kasoro, watakaolipa gharama ni watoto, ambao hawakuulizwa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwalimu ana mikondo miwili ya Kidato cha Kwanza, kila mkondo una wanafunzi 40. Mkondo mmoja anaufundisha ngeli za majina kwa nyimbo na michezo. Wa pili anaufundisha kwa majedwali. Muhula ukiisha anawatahini wote, anakokotoa wastani wa kila mkondo, anatumia kipimo cha t cha makundi mawili yasiyohusiana, na kutangaza kwamba nyimbo zimeshinda, kwani ushahidi wake umetoka kwa wanafunzi 80.

Ati 80! Nyimbo hazikugawiwa wanafunzi mmoja mmoja. Ziligawiwa mkondo mzima. Wanafunzi wa mkondo mmoja hukaa pamoja, husikia maelezo yale yale, huambukizana ari na huambukizana uvivu. Huenda mkondo ule hupata vipindi vya asubuhi, ilhali mwenzake husoma mchana wakati wa usingizi. Alama zao hazijitegemei, na kipimo cha t chadai alama zijitegemee.

Hebu tufanye hesabu. Wanatakwimu hupima jinsi wanafunzi wa darasa moja wanavyofanana kwa namba ambayo kwa kawaida huwa kati ya 0 na 1. Tuseme hapa namba hiyo ni 0.2. Tuizidishe kwa 39, yaani wanafunzi 40 ukitoa mmoja, tunapata 7.8. Tuongeze 1, tunapata 8.8. Sasa tugawanye 80 kwa 8.8: jawabu ni 9 na kidogo. Wanafunzi wale 80 wana uzito wa ushahidi wa watu 9 hivi. Na hata hesabu hiyo ni ya huruma, maana pakiwa na mkondo mmoja tu kila upande, hakuna kipimo kiwezacho kutenganisha nguvu ya nyimbo na hali ya mkondo wenyewe. E. F. Lindquist, wa Chuo Kikuu cha Iowa, aliwahimiza watafiti wa elimu walizingatie jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1940. Miaka zaidi ya 80 imepita, nasi tungali tunahesabu vichwa mahali pa madarasa.

Makosa mengine ni ndugu wa hilo. Mtafiti huwapima wanafunzi wale wale kabla na baada ya mafunzo, kisha akazilinganisha alama kana kwamba zimetoka kwa watu tofauti. Usanifu wake wadai kipimo cha t cha jozi, au kile cha Wilcoxon cha mwaka 1945 ikiwa alama hazistahili wastani. Mwingine huhesabu waliofaulu na walioshindwa kabla na baada, kisha akakimbilia kai-mraba ya Karl Pearson ya mwaka 1900, ambayo hudai kila mtu ahesabiwe mara moja tu. Kipimo cha McNemar cha mwaka 1947 kilitungwa kwa ajili ya hali kama yake. Wa tatu ana njia tatu za kufundisha, naye huzilinganisha mbili mbili kwa kipimo cha t mara tatu, bila ya kujua kwamba hatari ya kuona tofauti isiyokuwapo, aliyoahidi kuiweka kwenye 5 katika 100, sasa yazidi 10. Angeanza na uchanganuzi wa mtawanyo, uliotokana na kazi ya Ronald Fisher, ambao huyapima makundi yote kwa pamoja.

Fisher huyo, katika kitabu chake cha mwaka 1935 juu ya usanifu wa majaribio, alionyesha kwamba uhalali wa kipimo hutoka katika kugawa kwa bahati nasibu. Na mwaka 1938 aliwaonya wenzake kwamba kumwita mtakwimu baada ya jaribio kumalizika ni sawa na kumtaka aeleze tu maiti amekufa kwa maradhi gani. Naye William Gosset, aliyetoa kipimo cha t mwaka 1908 kwa jina la "Student", alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha pombe cha Guinness mjini Dublin, akitafuta njia ya kuamua kwa haki penye sampuli ndogo. Hakukitoa ili kiwe pambo la sura ya nne ya tasnifu.

Wapo watakaosema: mwalimu wa kawaida hana uwezo wa kuwagawa wanafunzi kwa kura, mkuu wa shule hatakubali ratiba ivurugwe. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini haihalalishi udanganyifu. Campbell na Stanley walieleza mwaka 1963 kwamba zipo sanifu za majaribio yasiyo kamili, na wakaonyesha udhaifu wa kila moja. Asiyeweza kuwagawa wanafunzi na ayapigie kura madarasa, akishirikiana na walimu wa shule jirani ili apate madarasa mengi kila upande. Asiyeweza hata hilo na aeleze alichokiona, aseme wastani ni huu na kasoro ni hizi, asibandike kipimo. Maelezo manyofu ya darasa moja yana faida kuliko hukumu ya uongo juu ya nchi nzima.

Wengine husema: kompyuta itafanya. Kompyuta hufanya unaloitaka, si unalolihitaji. Ukiipa namba za jezi za wachezaji, itakukokotolea wastani wake bila ya kucheka.

Lawama kubwa, hata hivyo, si ya wanafunzi wa vyuo. Ni ya sisi tunaowasimamia. Ni sisi tunaorudisha rasimu na kuandika pembeni "ongeza takwimu", bila ya kuuliza swali la utafiti lilikuwa lipi. Napendekeza basi kwamba asiruhusiwe mtafiti kuingia darasani kabla ya kuandika ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi, unaosema: nauliza nini, nani atagawiwa nini, na kwa njia gani, kila mtu atapimwa mara ngapi, nitapima alama, daraja, au kufaulu na kushindwa, na kwa sababu hizo nitatumia kipimo gani. Asiyeweza kuyasema hayo kwa lugha anayoifundisha hajayaelewa, hata akiyapamba kwa istilahi za kigeni.

Shime, ndugu walimu. Rasimu ijayo ikifika mezani pako, usianze na jedwali la matokeo. Anza na swali: hiki kimeundwaje?