TAARIFA YA TAWI: GARI LA MWANAJESHI LISIPIGWE MNADA AKIWA KAZINI



Kamati ya tawi imekaa na kukubaliana jambo moja, nasi tunawaletea bila kuzunguka. Mwanajeshi anayetumwa nje ya nchi na serikali arejeshewe pesa zinazotumika kuhifadhi gari lake binafsi kwa muda wote atakaokuwa huko. Na gari hilo lisipigwe mnada yeye akiwa kazini.

Tunajua kuna waliocheka walipolisikia. "Watu hawana unga, nyinyi mwaleta habari za magari ya wanajeshi?" Tunawaomba msome mpaka mwisho, kisha mtuambie kama bado ni kichekesho.

*KWA NINI SISI WA LIKONI*

Kambi ya wanamaji iko Mtongwe. Hawa si watu wa kuwasoma gazetini tu. Tunapanda nao feri moja, watoto wetu wanakaa dawati moja, wake zao na mama zao wako katika vyama vyetu vya akiba. KDF iliingia Somalia Oktoba 2011. Septemba 2012 wanamaji walikuwemo katika operesheni ya kuuteka mji wa Kismayu. Kikosi chetu kilikuwa kimewekwa chini ya AMISOM, mwaka 2022 ikaja ATMIS, na tangu Januari 2025 ni AUSSOM. Jina hubadilika, lakini mambo ya nyumbani ni yale yale: mtu anaondoka kwa miezi mingi na gari linabaki.

Linabaki wapi? Wengi wanapanga vyumba kwenye ploti zisizo na pa kuegesha. Ukiliacha barabarani, vioo vya pembeni havimalizi wiki. Ukimwachia ndugu, atalitia kwenye biashara ya teksi na utarudi ukute mkweche. Basi linapelekwa yadi ya kulipia. Hapo nako hewa ya chumvi ya pwani haina huruma: betri inakufa, breki zinashika kutu, tairi zinakaa chini.

Tufanye hesabu ya kawaida. Yadi ikitoza shilingi 200 kwa siku, mwaka mmoja ni shilingi 73,000. Na mkopo wa gari hausubiri mtu arudi. Kila mwezi unakatwa. Mwanajeshi analipia gari asiloliendesha, kisha analipia mahali pa kuliweka kwa sababu serikali imempeleka mahali asipoweza kwenda nalo. Mzigo huo hauko Somalia. Uko hapa Likoni, juu ya mke anayeamua mwezi huu alipe yadi au karo.

*SERIKALI HULIPWA KWA MAGARI YAKE*

Hapa ndipo tunapotaka msome mara mbili. Februari 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio 2036. Azimio hilo lilipandisha idadi ya askari wa AMISOM hadi 17,731. Pia lilikubali kwamba nchi zinazotoa vikosi zirejeshewe gharama za vifaa vyao vinavyotumika huko, magari yakiwemo. Ndio utaratibu wa Umoja wa Mataifa duniani kote: nchi ikipeleka gari lake la kijeshi, linaorodheshwa, linakaguliwa, na nchi inalipwa kwa kila mwezi linapokuwa kazini.

Nasi hatulipingi hilo. Ni haki. Gari likitumika kwa kazi ya wote, mwenye gari asibebeshwe hasara peke yake.

Sasa tunauliza: kanuni hiyo inaishia wapi? Serikali inapodai fidia ya lori lake, inaitwa utaratibu. Mwanajeshi akidai risiti ya yadi, anaambiwa gari ni anasa. Kama kanuni ni ya haki New York, basi na Mtongwe ni ya haki.

*KISHA KUNA MNADA*

Fungueni Gazeti Rasmi la Serikali, toleo lolote, mtazame kurasa za mwisho. Mtakuta matangazo chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa Zisizochukuliwa, Sura ya 38. Yanataja namba ya gari, yanamwambia mwenyewe aje kulichukua ndani ya siku 30 na alipe gharama za kuhifadhi, la sivyo litauzwa kwa mnada au kwa mapatano ya faragha.

Hatusemi sheria hiyo ni mbaya. Mwenye yadi naye ana haki. Hawezi kulea mkweche wa mtu milele. Lakini mtu aliye ndani ya handaki Jubaland hasomi Gazeti Rasmi. Siku 30 zitapita hajui. Atashuka kwenye ndege, aende yadi na ufunguo mfukoni, akute gari lina mwenyewe mpya.

Na kuna walio na hali ngumu zaidi. Januari 2016 tulipoteza vijana El Adde. Januari 2017 tukasikia Kulbiyow. Mwanajeshi akifa, gari lake haliondoki yadi kwa machozi. Mjane anahitaji barua za mahakama za kusimamia mirathi, na barua hizo hazitoki kwa wiki moja. Wakati huo wote yadi inahesabu siku. Je, tumemzika mtu kwa bendera ili familia yake ifuatwe na bili ya maegesho?

Wengine wamelitatua hili. Marekani ina sheria ya mwaka 2003 ya kuwalinda wanajeshi katika mambo ya kiraia. Inasema mwenye yadi au gereji hawezi kuuza mali ya mwanajeshi kwa sababu ya deni la kuhifadhi au kutengeneza, wakati wa utumishi wake na siku 90 baadaye, mpaka apate amri ya mahakama. Anayeivunja kwa kujua anaweza kufungwa. Tena utaratibu wao unaruhusu gari la mwanajeshi aliyetumwa kwenye operesheni ya dharura kwa zaidi ya siku 30 lihifadhiwe kwa gharama ya serikali. Hatuna bajeti ya Marekani. Lakini amri ya mahakama kabla ya mnada haihitaji bajeti ya Marekani. Inahitaji mistari michache kwenye sheria.

*WANAOPINGA WANASEMA NINI*

_"Wanalipwa marupurupu tayari."_ Marupurupu ni malipo ya hatari na ya kuwa mbali na nyumbani. Si malipo ya yadi. Tena hayako mikononi mwa mwanajeshi. Katika AMISOM kiwango kilichojulikana kilikuwa dola 1,028 kwa mwezi kwa kila askari, zikitoka Umoja wa Ulaya. Januari 2016, mwezi ule ule wa El Adde, Umoja wa Ulaya ukakata asilimia 20. Je, yadi ilipunguza asilimia 20? Pesa zinazoweza kupunguzwa Brussels si pesa za kumwambia mtu apangie gharama za lazima.

_"Gari ni anasa."_ Hebu tuulize bungeni. Bunge la 11 wabunge walikuwa na ruzuku ya gari ya shilingi milioni 5 kila mmoja, mpaka Tume ya Mishahara ilipoifuta mwaka 2017. Mpaka leo mbunge analipwa marupurupu ya usafiri kwa kilomita. Gari la mbunge kwenda Nairobi ni kazi. Gari la mwanajeshi lililokwama kwa sababu yuko vitani ni anasa. Nani aliyeandika kamusi hiyo?

_"Mtafungua mlango wa risiti bandia."_ Hoja hii ina uzito, na hatuikwepi. Kenya tunajua risiti bandia. Ndiyo maana hatuombi pesa taslimu za kugawa. Tunaomba utaratibu wenye mipaka, na mtauona hapa chini. Lakini hoja ya wizi haijawahi kutumiwa kuzuia marupurupu ya wakubwa. Inakumbukwa tu zamu ya mdogo ikifika.

_"Chama kisiingize siasa jeshini."_ Tunakubaliana kabisa. Kifungu cha 239(3) cha Katiba kinakataza vyombo vya usalama kuegemea chama chochote. Lakini hiyo ndiyo sababu ya sisi kusema. Kifungu cha 24(5) kinaruhusu sheria impunguzie mwanajeshi haki za kujiunga, kuandamana na za mahusiano ya kazi. Mwalimu ana chama chake cha wafanyakazi, daktari ana chake, nao wanaweza kugoma. Mwanajeshi hawezi. Mtu aliyezuiwa kusema asiposemewa na raia, atasemewa na nani?

*TUNACHODAI*

1. Mwanajeshi anayetumwa nje kwa zaidi ya siku 30 arejeshewe gharama za kuhifadhi gari *moja* lililosajiliwa kwa jina lake, kwa risiti, na kwa kiwango cha juu kitakachotangazwa.

2. Kabla ya hapo, kambi zenye nafasi zitenge uwanja wenye paa na ulinzi. Hiyo ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote. Palipo na nafasi kambini, hakuna haja ya risiti, na hoja ya risiti bandia inakufa yenyewe.

3. Gari la mwanajeshi aliye nje kikazi lisiuzwe chini ya Sura ya 38 bila amri ya mahakama, mpaka zipite siku 90 tangu kurudi kwake. Mwenye yadi atalindwa kwa sababu deni lake litakuwa na mlipaji anayejulikana.

4. Mwanajeshi akifariki kazini, serikali ilipe yadi mpaka familia ipate barua za mirathi.

5. Haya yaandikwe kwenye kanuni na sheria, yasiachwe kwa huruma ya mkubwa mmoja. Huruma huhamishwa kituo pamoja na mwenye nayo.

*KAZI YETU*

Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge litunge, libadilishe au lifute sheria. Tawi linaandaa ombi hilo, na tutataka lifike mbele ya Kamati ya Ulinzi, Ujasusi na Mambo ya Nje ya Bunge la Kitaifa. Fomu za sahihi zitakuwa ofisi ya tawi na kwa viongozi wa mitaa.

Mambo matatu ya kuzingatia, na hapa hatutanii:

▪️ *Msimwendee mwanajeshi aliye kazini kumtaka atie sahihi.* Mtamponza yeye na mtaliharibu ombi. Wake, waume, wazazi na majirani watie sahihi kama raia.

▪️ *Msitaje humu jina la mwanajeshi, kikosi chake wala mahali alipo.* Ujumbe wa WhatsApp hauna mpaka. Atakayeandika tutamfutia na kumtoa.

▪️ Mwenye risiti za yadi au ilani ya mnada ailete ofisini kwa mkono. Tutafunika majina kabla ya kutoa nakala.

Mwisho, neno kwa wanasiasa wote, wa chama chetu wakiwa wa kwanza. Kila Oktoba, Siku ya Mashujaa, tunawaona jukwaani mkiwasifu vijana wetu walioko mpakani na ng'ambo. Sifa tumezisikia za kutosha. Mwaka 2027 mtakapovuka feri kuja kuomba kura Likoni, tutakuwa na swali moja: lile ombi la magari ya wanajeshi mlilipigia kura gani? Jibu lije tayari. Msije kulitafutia hapa jukwaani.

Mtumieni taarifa hii mwanachama ambaye hayumo kwenye orodha. Asiye na simu asomewe.

Kwa niaba ya Kamati ya Tawi,
*Mwenyekiti na Katibu*
Likoni