DHAHABU YA MSITUNI NA MVUA YAKE



Msimu huu tumewasikia vijana wetu wakiulizana njia ya Kamituga. Treni mpaka Kigoma, kuvuka ziwa, halafu barabara ya matope. Basi tuseme tunayoyajua.

Kamituga ni mji wa dhahabu ndani ya misitu ya Walega, Kivu ya Kusini, mbali kabisa na Bukavu. Wabelgiji walichimba huko enzi za ukoloni. Kampuni ya SOMINKI iliyoundwa mwaka 1976 nayo ilikufa. Sasa wananchi wanachimba wenyewe kwa sururu na tochi za kichwani, na akina mama wanatwanga mawe kwenye vinu kama sisi tunavyotwanga mtama. Mvua ya huko haingojei Novemba kama ya kwetu. Tarehe 11 Septemba 2020, majira ambayo sisi hapa tunamwagilia vitalu vya tumbaku kwa ndoo, kule mvua kubwa ilifukia mashimo. Watu wapatao 50 walihofiwa kufa.

Wala siyo Kongo tu. Mwaka 2015 huko Nyangarata, Kahama, shimo liliporomoka, na watu watano wakatolewa hai baada ya siku 41. Walikuwa wakila mizizi na mende. Mwenzao mmoja alifia humo humo.

Na huyo mchimbaji mara nyingi hachimbi cha kwake. Mwenye shimo ndiye aliyetoa chakula na zana, kwa hiyo yeye huchukua kwanza. Mnunuzi naye anapima kwa mizani yake. (Habari za mizani ya mwenzio, sisi wa tumbaku hatuhitaji kufundishwa!)

Hatuwalaumu vijana. Malipo ya tumbaku yakichelewa, kijana akae akitazama nini? Lakini mkopo wa mbolea hauvuki ziwa pamoja na mtu. Unabaki kwa wadhamini wake, pengine ni kaka yake au mama yake mzazi. Babu zetu wapagazi walibeba pembe za ndovu mpaka pwani, njia ikipita hapa hapa Kigwa, na wengi wao walipanga safari ili warudi kulima.

Kwa hiyo suala la malipo kuchelewa lipelekwe mkutano mkuu, lisiishie vilabuni. Na kila anayeondoka aje kwanza kwa katibu aandikishe machimbo anakokwenda, mwenzake wa safari, na nani atabeba mkopo wake. Daftari liko ofisini.