Weka Debian, Acha Kujionyesha

Mzoefu akiuliza atumie Linux ipi, mashabiki wanamrukia: Arch! Eti ukishaiva, Debian ni ya wazee. Jamani, hapana.

Hapa Kiboriloni bando linanunuliwa kwa hesabu, na umeme unaondoka bila kuaga. Masasisho ya Arch yanamiminika mwaka mzima. Ukikaa miezi bila kuyagusa, siku unayorudi unaweza kukesha ukirekebisha. Fedora nayo ina toleo jipya kila miezi 6 hivi. Nani analipia hizo gigabaiti? Na umeme ukikatika katikati ya sasisho, mashine inaweza kugoma kuwaka, na habari unayotakiwa kuituma saa kumi imo humo humo.

Debian, aliyoianzisha Ian Murdock mwaka 1993, hutoa toleo kila miaka 2 hivi. Katikati hapo unapokea zaidi marekebisho ya usalama na hitilafu, basi. Watasema programu zake zimepitwa na wakati. Sawa, kwa mashine mpya kabisa Fedora ina hoja. Lakini mhariri haulizi makala imeandikwa kwa programu ya mwaka gani.

Ukitaka kuonyesha ujuzi, tafsiri. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili. Leo, zaidi ya miaka 20 baadaye, menyu nyingi bado ni Kiingereza, na sisi wazoefu tunashindana kupamba skrini. Uzoefu gani huo?