Hori la Nguruwe na Wodi ya Wagonjwa

Ni kosa kudhani kwamba kinachomiminwa katika hori la nguruwe huko Pugu ni jambo la mfugaji na bwana mifugo peke yao. Nguruwe anayekua hulishwa pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, dagaa na machicha ya pombe. Wapo wafugaji wanaochanganya humo kijiko cha unga wa oksitetrasaiklini, si kwa kuwa mnyama anaumwa, bali ili asiumwe na anenepe upesi.

Dozi ndogo ya muda mrefu huwaua bakteria dhaifu na kuwabakiza wenye kuhimili, nao huambukizana vinasaba vya usugu hata na bakteria wa jamii nyingine. Mwaka 2015 watafiti nchini China walitangaza kinasaba mcr-1, walichokipata katika nguruwe, nyama na wagonjwa. Kinasaba hicho hubatilisha kolistini, dawa ambayo tabibu huikimbilia nyingine zikishindwa. China iliiondoa kolistini katika vichocheo vya ukuaji wa mifugo mwaka 2017. Sweden ilikwishakataza viuavijasumu vya kukuzia mifugo tangu 1986, na Umoja wa Ulaya tangu 2006.

Asiyekula kitimoto naye asijione yu salama. Mto Msimbazi huanzia vilima vya Pugu, na mvua husomba samadi kuelekea mabondeni, ambako hulimwa mchicha wa walaji wa dini zote.

Kinachopendekezwa badala yake ni probiotiki, yaani bakteria hai wenye manufaa, kama Lactobacillus na Bacillus, pamoja na hamira. Hawa hugombea nafasi na chakula utumboni dhidi ya vijidudu vya maradhi. Pendekezo ni jema, ila lisitiwe chumvi. Manufaa huonekana zaidi kwa vitoto vilivyotoka kuachishwa kunyonya kuliko kwa nguruwe aliyekwisha kukomaa, na matokeo hutofautiana banda kwa banda. Bacillus, kwa ganda lake gumu, hustahimili joto. Lactobacillus aliyewekwa katika pakiti iliyoachwa juani huenda akawa amekufa kabla ya kununuliwa. Muuzaji na aulizwe aina ya bakteria, idadi yao na tarehe ya mwisho wa matumizi. Tena, hakuna pakiti itakayozuia homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo ni ya virusi na haina tiba.

Denmark, ilipoacha vichocheo hivyo mwishoni mwa miaka ya 1990, ilishuhudia kuhara kukiongezeka kwa vitoto vilivyoachishwa, na dawa za kutibu zikapanda kwa muda. Kwa hiyo kumwambia mfugaji wa Pugu aache unga ule, bila kumfundisha kuchelewesha kuachisha, kukausha sakafu na kusafisha maji, ni kumbebesha peke yake gharama ya afya ya jiji zima. Huo si uungwana.

Wahudumu wa afya nao hawana mikono misafi wanapoandika amoksilini kwa kila mafua. Mgonjwa mwenye kidonda kisichosikia dawa na aulizwe kama anafuga, na mifugo yake hupewa nini. Jibu liandikwe katika jalada lake, na bwana mifugo wa kata ajulishwe kwa ridhaa yake.