Mji wa Kutembea kwa Miguu ni wa Nani?

Ndugu wafanyakazi,

Mwajiri huhesabu saa za kazi tangu king'ora kinapolia asubuhi mpaka kinapolia jioni. Sisi huzihesabu tangu tunapofunga mlango wa nyumba mpaka tunapoufungua tena usiku. Katikati ya hesabu hizo mbili iko njia, na njia hailipwi. Anayekaa mbali na kiwanda huamka kabla ya jogoo, hulipa nauli ya kwenda na ya kurudi, na mvua ikinyesha teksi hupandisha bei. Kwa hiyo namna mji unavyopangwa si habari ya wahandisi na wenye ardhi peke yao. Ni habari ya mshahara.

Leo tunataka kuwaeleza juu ya mahali pamoja huko Marekani panapoitwa Tysons, katika wilaya ya Fairfax, jimbo la Virginia, magharibi ya mji mkuu wa Washington. Mtu anaweza kuuliza: Tysons inamhusu nini mchuma chai au fundi wa mtambo wa kufumia nguo? Inamhusu sana. Pale walijenga mji kwa ajili ya gari, wakaona hasara yake, na sasa wanajaribu kuugeuza uwe mji wa watu. Mwenye busara hujifunza kwa kosa la mwenzake kabla ya kulifanya lake.

Zamani Tysons ilikuwa njia panda ya mashambani. Mwaka 1964 ilikamilika barabara kuu ya kuuzunguka mji wa Washington, na mwaka 1968 likafunguliwa pale jumba kubwa la maduka. Maofisi yakafuata, na mwaka 1988 likaja jumba la pili la maduka. Kila jengo lilizungukwa na uwanja wa kuegesha magari. Barabara zilipanuliwa mpaka kuzivuka kwa miguu ikawa hatari. Mtu aliyetaka kula chakula cha mchana ng'ambo ya pili ilimbidi awashe gari.

Ilipofika mwaka 2010, Tysons ilikuwa na kazi zaidi ya 100,000, lakini waliolala pale walikuwa watu wapatao 17,000 tu. Maana yake kila asubuhi jeshi la watu liliingia kwa magari, na kila jioni jeshi hilo likatoka.

Sasa mfikirieni mfagiaji wa duka katika mahali kama hapo. Kabla mshahara wake haujanunua unga, unanunua petroli, bima na matengenezo ya gari. Kwetu sisi, mkata miwa akiambiwa ajinunulie panga la kazi, chama hupiga kelele, na ni haki. Katika mji wa namna ile chombo cha kazi ni gari zima, na anayelinunua ni mfanyakazi mwenyewe. Asiye na gari husubiri basi kando ya barabara ya magari yaendayo kasi.

Mwezi wa Juni 2010 wakuu wa wilaya ya Fairfax walipitisha mpango mpya. Walikusudia kwamba ifikapo mwaka 2050 Tysons iwe na wakazi 100,000 na kazi 200,000. Waliamua kwamba sehemu 75 katika kila 100 za ujenzi mpya ziwe karibu na stesheni za reli, mwendo wa miguu usiofika kilomita moja. Viwanja vipana vikatwe kwa mitaa midogo yenye njia za waendao kwa miguu. Na karibu na stesheni wakaweka kikomo cha nafasi za magari ambacho mjenzi hawezi kukizidi.

Tarehe 26 Julai 2014 gari la moshi la umeme lilianza kufika, na Tysons ikapata stesheni 4. Mwezi wa Novemba 2022 reli hiyo iliendelezwa hadi uwanja wa ndege wa Dulles na mbele yake. Majengo marefu ya kukaa watu yamesimama pale palipokuwa na lami tupu, na sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi zaidi ya 26,000. Kazi haijaisha. Zile barabara pana bado zipo, na mwenye miguu bado ana taabu ya kuzivuka. Lakini mwelekeo umebadilika, na sisi tunausifu. Mfanyakazi anayeweza kushuka kwenye treni na kutembea mpaka kazini ameongezewa mshahara bila mwajiri kutia saini.

Hata hivyo, ndugu, tusishangilie kabla ya kuuliza swali letu la kila siku: faida inakwenda kwa nani?

Tazameni jambo hili. Wenye ardhi wa kule walikubali kutozwa kodi maalumu ili kuchangia dola milioni 400 katika sehemu ya kwanza ya reli. Je, walifanya hivyo kwa huruma? Hapana. Walijua kwamba stesheni ikifika, ardhi yao itapanda thamani kuliko kodi waliyolipa. Na reli ile haikujengwa kwa fedha zao peke yao. Ziliingia fedha za umma, na ushuru wa madereva waliopita kila siku katika barabara ya kwenda Dulles. Thamani iliyoletwa na wengi inaweza kuingia katika mifuko ya wachache, na kodi ya chumba ikampanda hata yule aliyeichimba reli.

Watu wa Fairfax waliliona tatizo hilo. Katika mpango wao waliandika kwamba nyumba 20 katika kila 100 za majengo mapya marefu ziwe za bei nafuu. Hilo ni jambo jema, na liliandikwa mapema. Lakini soma na maandishi madogo. Ngazi za mapato zilizowekwa mwaka 2010 zilipanda hadi asilimia 120 ya mapato ya kati ya eneo lile, na Fairfax ni moja ya wilaya tajiri kupita zote Marekani. "Nafuu" ya hapo yaweza kumfaa karani mwenye cheo na mwalimu. Yule anayepiga deki usiku katika jumba la maduka yuko chini ya ngazi hizo. Basi tukisikia neno "nafuu", tuulize: nafuu kwa mshahara wa nani?

Hapa kwetu Uganda wazee wa Jinja wanaijua Walukuba, mtaa uliojengwa na serikali ya kikoloni kwa ajili ya wafanyakazi. Mkoloni hakuujenga kwa mapenzi. Alitaka mikono iwe karibu na kazi. Lakini hata yeye alifahamu kwamba kazi na nyumba ni jambo moja. Itakuwa aibu kama sisi tuliojitawala tutapanga miji yenye maduka ya vioo na viwanja vya magari, huku mfanyakazi akisukumwa mbali zaidi kila mwaka.

Wapo watakaosema kwamba ukiweka masharti mwekezaji atakimbia. Tysons inawajibu. Kule masharti yaliwekwa, juu ya nyumba, juu ya magari, juu ya mitaa, na kodi juu yake, na bado wajenzi walikuja, kwa sababu reli ilikuwa inakuja. Mwenye faida mbele yake hakimbii.

Kwa hiyo tunapendekeza kila tawi la chama, likisikia kwamba barabara, reli au jumba la maduka limepangwa karibu, lidai mambo matatu. Kwanza, hesabu ya nyumba za wafanyakazi iandikwe ndani ya mpango, na ipimwe kwa mshahara wa chini kabisa, si wa wastani. Pili, usafiri ufuate saa za zamu, maana treni inayolala saa nne usiku haimsaidii anayetoka kazini saa sita. Tatu, wawakilishi wa wafanyakazi wakae katika baraza linalopanga, tangu ramani ya kwanza.

Wazee walisema, samaki mkunje angali mbichi. Ramani ikiwa karatasi, chama kinaweza kuikunja. Ikishakuwa saruji, kitakachobaki kwetu ni kulipa nauli.

Umoja ni nguvu.