Dosie zetu na polisi wa mu televizyo

Watu wamoja wanatuuliza: ninyi wa sendika, mambo ya televizyo inawahusu nini? Shugulikieni mashimo na malipo, muache vichekesho. Tunawajibu kama inatuhusu sana. Usiku mu kare, groupe ikisha kuwaka, wachimbaji hawasomi Code minier. Wanaangalia filme, na mara mingi ni filme za polisi.

Wenye umri wetu wanamujua Derrick. Seri ya Ujerumani, ilianza 1974 ikaisha 1998, vipande 281. Horst Tappert na imper yake: hacheki, hakimbii, anauliza polepole mpaka mwenye kosa anaanguka yeye mwenyewe. Columbo wa Marekani naye ni vile: koti ya kuzeeka, gari ya kuzeeka, anajifanya mjinga, anaaga, anafika ku mlango, anarudi na swali moja tena. Tulizipenda, hatutakataa.

Lakini zilitufundisha uongo moja, na ile uongo ingali mu vichwa vyetu. Ni kusema kila maiti iko na komiseri wake. Mtu anakufa ku mwanzo wa filme, saa moja nyuma mwenye kumuua amefungwa pingu. Hakuna komiseri mwenye kukosa mafuta ya moto. Hakuna dosie yenye kunyeshewa mvua. Hakuna mjane mwenye kuambiwa alete kwanza pesa ya transport ya mwenye kufanya ankete. Sisi hapa Wamaza, toka Kasongo mpaka Kabambare na Salamabila, tunajua namna inaendaka wakati shimo inafunika watu. Tunachimbua wandugu na mikono, tunazika, tunangoja Derrick. Derrick hafikake.

Ndiyo maana tunapenda wenye wanachekelea zile filme. Mu 1982, David Zucker, ndugu yake Jerry na rafiki yao Jim Abrahams walitengeneza seri kwa televizyo ABC ya Marekani, jina yake Police Squad!. Walichukua kila kitu cha seri za polisi za zamani: muziki wa nguvu, sauti nzito yenye kueleza habari, komiseri mwenye uso wa mawe. Kiisha wakaharibu kila kitu. Leslie Nielsen, mwenye kucheza afisa Frank Drebin, hakukuwa anatafuta kuchekesha. Alikuwa anasema upumbavu na uso wa Derrick. Watu walicheka paka juu ya ile.

Jambo yenye ilitushika sana ni mwisho wa kila kipande. Mu seri za zamani, mwishoni wote wanacheka, kiisha picha inasimama, majina yanapita. Hapa picha haisimame. Ni wachezaji wenyewe wanasimama kama mti, wanajifanya picha. Mu kipande kimoja, mwenye kumimina kahawa amesimama na kahawa inaendelea kutoka, kikombe inajaa, inamwangika. Mu kingine, mfungwa anaona kama hakuna polisi mwenye kutingishika, anaanza kutafuta njia ya kutoka.

Tuliangalia ile kipande watu wengi pamoja. Wote walicheka, kiisha mama mmoja kati ya wale wenye kutwanga mawe akasema: aah, hii ni komisyo! Alisema kweli. Nyuma ya kila shimo yenye kuanguka, komisyo inafika, inapiga foto, inaandika majina, inasimama pembeni ya shimo na uso wa huzuni. Na inabakia vile, imesimama. Mwenye shimo, yeye anatembea. Miezi inapita, kahawa inamwangika.

ABC walikata ile seri mbio sana. Vipande sita tu. Mkubwa wao mmoja alieleza kama ilikuwa inaomba mtu aangalie kweli, haiwezi kuonwa na jicho moja huku unapika. Tunaona ile ni sifa, haiko kosa. Baadaye Drebin aliingia mu sinema mu 1988, ndiye wenye kusoma gazeti hii wanajua na kifaransa: Y a-t-il un flic pour sauver la reine ? Mu 2025 wameitengeneza tena na Liam Neeson.

Mtu atasema: huku kwetu vichekesho vya polisi havikosi. Ni kweli. Wakenya wako na Inspekta Mwala, Davis Mwabili ndiye alimcheza ku Citizen TV, na mbele yake walikuwa na Vioja Mahakamani, ya kuchekelea tribunali, yote mu Kiswahili. Tunaziheshimu. Lakini vichekesho vingi vya huku kwetu, hata vile vya mu simu, vinamaliza kazi yote kwa polisi mudogo: tumbo yake, njaa yake, mkono wake wa kuomba. Sisi wa sendika hatuwezi kufurahia ile tu. Yule wa ku barriere naye ni mfanyakazi, mara mingi mshahara haumufikie, na viatu ni vyake mwenyewe. Ukimcheka yeye peke yake, wakubwa wanacheka pamoja na wewe. Drebin ni dawa ingine. Pale hatucheki njaa ya mtu. Tunacheka ile heshima ya uongo ya ankete, kusema kila kitu kimeisha vizuri wakati hakuna kitu kimeisha.

Wengine wanaogopa: mukichekesha juu ya polisi, mutafungwa. Wakubwa zetu wa Lubumbashi walifanya mbele. Kikundi cha Mufwankolo kilicheza mu Kiswahili cha wafanyakazi, ku radio na ku televizyo, na mu 1986, Mobutu angali ku kiti, walicheza mchezo juu ya mamlaka, Le pouvoir se mange entier. Hawakutukana mtu. Walionyesha, watu wakaelewa wenyewe.

Basi tunaomba radio za jamii za Kasongo na Kabambare watupe nusu saa kila juma. Radio haina picha, ni kweli, lakini kahawa yenye kumwangika inasikilika. Tumeanza kuandika ya kwanza: komiseri mwenye imper chini ya jua ya saa sita, anafika ku shimo yenye imeanguka, anauliza watu wote karte ya mchimbaji, hata wenye wako chini ya udongo. Kiisha anaandika: wamekataa kujibu.

Tunatafuta wachezaji, wanaume na wanamama, wenye kusema Kiswahili cha hapa, haiko cha Dar es Salaam. Nafasi ya komiseri, vijana tisa wamekwisha kuiomba. Nafasi ya PDG wa shimo, mpaka leo hakuna mwenye kuitaka.